Siku Tatu Zilizokatwa Daftarini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo alinipeleka kwenye ubao wa chuma uliosimama majini, bandarini Bujumbura, wenye mistari ya sentimita. Nilitakiwa kuusoma kila baada ya saa mbili, asubuhi mpaka jioni, na kuandika kimo cha ziwa daftarini.

"Soma, andika," alisema. "Nikikuta safu wazi, we unarudi kwenu."

Shule niliiacha mapema, lakini nilikuwa na kitabu cha fizikia cha Kifaransa nilichonunua sokoni Jabe. Humo nilijifunza hesabu ya Newton: mwezi huvuta maji yaliyo karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko unavyovuta kitovu cha dunia, na kitovu kuliko maji ya upande wa mbali. Kinachoyafanya maji yajae na kupwa ni tofauti hiyo ya mvuto kati ya mahali na mahali.

Sura ya Einstein ilinichukua mwaka mzima. Anayeanguka bila kizuizi hahisi mvuto. Lakini mawe mawili yakiachiwa kutoka juu sana, moja mbali kidogo na jingine, husogeleana polepole, maana yote yanaelekea kitovu kimoja. Mvuto hufichika kwa anayeanguka nao, tofauti haifichiki. Kwa Einstein, hiyo ndiyo alama kwamba nafasi na wakati vimepinda.

Nikataka kuiona tofauti hiyo ziwani. Niligundua maji yanapanda kila siku saa tisa alasiri, nikampelekea Mkuu habari.

"Mwezi huchelewa karibu dakika hamsini kila siku," alisema. "Huu wako unafika kazini kwa saa ileile. Huo ni upepo, bwana."

Basi nikaandika jedwali la saa za mwezi na vimo nilivyotarajia, nikalibandika ukutani ili nilinganishe. Wiki ya pili risasi zilifunga njia za Kamenge, nilikokaa, na kwa siku tatu sikutoka. Niliporudi, safu zote zilikuwa zimejaa. Katika siku hizo tatu tu, ziwa lilifuata jedwali langu bila kukosea.

Nilifurahi kama dakika kumi. Kisha nikamwendea Zainabu, karani mwenzangu.

"Ni we uliandika?"

"Ni mi. Ulitaka maji yapande, nikayapandisha."

"Ulishuka kwenye ubao?"

"Na zile risasi? Apana. Namba nilizitoa mu karatasi yako ya ku ukuta. Ama ulitaka wakufukuze?"

Nilizikata namba zile kwa mstari mmoja, nikaandika "sikusoma", nikatia sahihi, nikalipeleka daftari kwa Mkuu. Aliweka kidole juu ya zile namba.

"Mwandiko huu si wako."

"Jedwali ni langu, shefu. Kosa ni langu."

"Na kujaa na kupwa kwa ziwa hili ni milimita chache. Ubao wako unasoma sentimita. Hukujiuliza?"

Hakunifukuza. Alinihamishia Gasenyi kupima mvua, peke yangu, miaka minne. Zainabu alinisindikiza hadi mlangoni. "Mutu nilimuokoa, akajizamisha mwenyewe," alisema.

Nilirudi bandarini vita vikielekea kwisha, nikastaafu hapo. Wiki yangu ya mwisho alikuja mhandisi mmoja na kipimo kipya chenye kusoma milimita. Aliomba madaftari ya zamani, akasimama kwenye ukurasa ule, akaniuliza kwa nini umekatwa. Nikamweleza yote.

"Na hizi namba nyingine, mzee, nizitumie?"

"Zitumie," nikamwambia. "Hizo nilishuka kuzisoma."