Nimetia Sahihi Mke Wangu Apelekwe Mbali, na Ile Karatasi Sikuisoma

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche. Mji usiufiche, sema Ibra ya Omani, wazee wa Ibra tuko wengi. Nina miaka sabini na tatu kwa bitaka yangu, kitambulisho cha uraia, lakini ile walikisia tulipofika kutoka Unguja. Mie najijua nina zaidi, na gunia la tende bado nabeba peke yangu. Skuli nilisoma madarasa mawili tu kule Unguja, basi maandishi yakenda upogo msinicheke, naandika kwa kidole kimoja.

Kazi yangu ilikuwa dereva wa gari la maji, miaka thelathini na moja. Hakuna kijiji baina ya Izki na Ashkhara ambacho hakijanywa maji yangu, na sikupata kugonga hata mbuzi. Nasema haya mjue anayesema nanyi si mtu wa kubabaishwa.

Mke wangu alipata kiharusi mwaka jana, akiwa jikoni anapika. Upande wa kulia wote umekufa. Madaktari walimtibu, siwalaumu, lakini baada ya miezi mitatu wakasema wao wamemaliza, sasa anataka mtu wa kumuangalia siku zote. Hapo ndipo ikaja karatasi ya bima ya serikali.

Bima ile ina njia mbili. Ya kwanza, mgonjwa anabaki hospitali na bima inalipia kitanda mpaka ipatikane nafasi kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa wa muda mrefu, popote itakapotokea. Ikitokea lazima ende, ukikataa malipo yanasimama. Ya pili, mgonjwa anarudi kwake, na bima inalipia kitanda cha kupanda na kushuka na muuguzi wa kuja nyumbani. Unatia alama njia moja, mume anatia sahihi, shahidi anatia yake. Haya nayajua leo. Siku ile sikujua hata moja.

Shahidi alikuwa mwanangu mkubwa, ana cheo chake Maskati. Akaniuliza kwa adabu, "Baba, umeisoma?" Nikamwambia nimeisoma mara mbili. Akatia sahihi bila ya kuitupia jicho. Si uzembe, nimewalea hivyo mwenyewe. Karatasi ikishasomwa na baba, mtoto haisomi tena, maana kuisoma ni kumwambia baba yake muongo.

Basi leo naandika nisilopata kumwambia mtu. Kiarabu nakisema kuwashinda waliozaliwa hapa hapa. Msahafu nausoma, nilifundishwa chuo cha Kurani kwa irabu zake, na msikitini watu wananisikia. Lakini Kiarabu cha serikali, kile kisicho na irabu, kwangu ni mistari mitupu. Majirani miaka yote wananiletea barua zao. Naishika, naitazama kwa utulivu, nawaambia wasifanye haraka, wangoje wiki. Mara nyingi nimepatia. Na siku ile hospitali nilitia alama kisanduku cha juu kwa sababu kilikuwa juu.

Wiki iliyopita nafasi imetoka. Mji wa pwani ya kaskazini, mwendo wa saa nne na nusu kwa gari. Nikasema haendi. Bwana mmoja wa bima akanambia kwa upole kuwa mwisho wa mwezi malipo yatasimama. Nikamwambia na yasimame, na jua lisimame pia, mke wangu haendi. Mwanangu akanivuta pembeni, uso umemuiva. Akanambia, "Baba, umechagua mwenyewe. Umesoma mwenyewe mara mbili. Leo unatutia aibu kwa ukaidi tu."

Sikilizeni kwa nini haendi. Kiharusi kimemfutia Kiarabu chote. Kimebaki Kiswahili, tena cha utotoni. Anasema maji, anasema baridi, anasema nigeuze. Hapa Ibra yuko binti mmoja wa ustawi wa jamii, kwao Fanja, bibi yake alizaliwa Unguja, anamuelewa. Kule ataomba maji, watamletea blanketi.

Huyo binti ana macho makali. Alinipa karatasi nyengine nitazame, akaniangalia ninavyoitazama, kisha akaichukua pole pole. Akanambia, "Shikamoo babu, nikwambie kitu? Mtu akitia sahihi asichokifahamu, ile sahihi inafutwa, na utachagua tena. Lakini lazima useme mwenyewe, mbele ya shahidi." Nikamuuliza, na shahidi akiwa kasafiri? Akacheka. "Tutamngoja, babu. Hata miye nina subira."

Jumapili, huku ni siku ya kazi, saa tatu asubuhi tumeitwa sote ofisini, na mwanangu ameomba ruhusa kazini aje. Yeye anadhani nakuja kuomba radhi.

Najua mtakayoniandikia. Wengine mtasema nimuache ende, huko kuna wataalamu. Hao wasijisumbue, hilo sikuuliza. Mke wangu anarudi nyumbani, chumba nimeshakipaka rangi na mlango nimeupanua kwa mkono wangu, kitanda kipite. Wengine mtasema nimtafute mtu akanisemee. Sijapata kusemewa maisha yangu, sianzi uzeeni.

Ninalotaka kwenu mliosoma ni dogo. Mtoto amekuamini miaka hamsini, hata karatasi yako haitazami. Unamkalisha, mbele ya watu wa ofisi, umwambie baba yako hajui kusoma. Unaanzia wapi? Nipeni neno la kwanza tu, wanangu. Mengine nitayasema mwenyewe.