Kibao cha Hamsini

Mume wangu anajua barabara yetu ya Shianda ina kibao cha hamsini. Amepita pale miaka sita akisambaza mayai. Lakini haangalii kibao, wala mshale wa kasi ulio mbele ya macho yake. Anaangalia taa za wenzake. Gari linalokuja likimmulikia mara mbili, anajua mbele kuna polisi, anapunguza na kuinua mkono kushukuru. Lisipomulika, anakanyaga.

Kibao hicho kiko karibu na lango la shule ya binti yetu. Ana miaka saba, na alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu kando ya lami hiyo hiyo.

Siku moja ya mavuno, saa tisa na nusu, tulikuwa tunatoka sokoni, trei tupu zikigongana nyuma ya gari letu. Lori likaja, likatumulikia. Akashuka mpaka arobaini, akavuta mkanda aliokuwa ameukalia.

"Funga wako, mama watoto. Leo sipeani chai ya mtu."

Tukatambaa. Kibao kikapita. Polisi hakuna.

"Wameenda kula," akacheka. "Huyo wa lori ananichezea."

Mshale ukapanda. Sitini. Themanini.

"Hapa ni hamsini, baba watoto."

"Kwani unaonanga polisi wapi?"

"Naona shule."

"Basi ukipata leseni utaendesha na hayo macho yako."

Tisini. Tukaingia kwenye kona, miwa imesimama pande zote mbili, huoni kitu.

Nyuma ya kona, trekta lilikuwa likivuta trela la miwa polepole, na watoto wa shule wamelifuata wakichomoa miwa. Sisi sote tulifanya hivyo utotoni. Lori lilikuwa limetuonya juu yao.

Alikanyaga breki, trei zikatuangukia shingoni, matairi yakalia. Watoto wakatawanyika. Mmoja alibaki katikati ya lami, muwa mkononi. Kati ya bampa na sare yake ungeweza kuweka trei moja ya mayai.

"Ni baba," akasema mtoto huyo. Alikuwa binti yetu.

Mume wangu akazima injini. Neno lake la kwanza: "Sasa huyo wa lori si angesema ni watoto?"

Angesemaje, kwa taa? Kibao kilikuwa kimeshasema.

Jioni ile nilimchapa mtoto kwa kuiba miwa. Nilichapa asiyestahili, na mtoto mwenyewe alijua.

Siku hizi namchukua shuleni mwenyewe. Nasimama chini ya kibao. Mume wangu akiniona kwa mbali anapunguza, ananipungia mkono vizuri sana. Wenzake wananiita mama trafiki.

Alhamisi iliyopita nilichelewa. Nilikuwa bado kwenye njia ya shambani, miwa imenizidi kimo, kengele ya shule imeshalia, nikasikia trei zikigongana kule kwenye lami. Nikangoja mlio wa injini ushuke.

Haukushuka. Nikaanza kukimbia.