Taiming ya Baba Mkubwa

Mwanamke niliyetaka kumwoa alikuwa muuguzi, akiishi Clintonville, Columbus. Mimi nilikuwa Louisville, mhandisi wa umeme ambaye kazi yake ni kujaza fomu kwenye kompyuta kuhusu mashine zinazoguswa na watu wengine. Baba yake alifariki zamani huko Kivu, kwa hiyo mwenye neno la mwisho alikuwa baba yake mkubwa, aliyenunua nyumba iliyochoka kule Black Rock, Buffalo, akaifufua kwa mikono yake. Nilikuwa nimeshampigia mama yake simu. Mchungaji nilikuwa nimeshazungumza naye. Alibaki mzee, na niliambiwa ana mapenzi mawili: Mungu na vigari vya rimoti.

Nilidhani ni utani mpaka aliponishusha kwenye chumba cha chini ya nyumba hata kabla sijavua koti. Mezani palikuwa na gari la mashindano na mota yake isiyo na brashi, ndogo kuliko kikopo cha nyanya. Mfuniko wa nyuma wa mota hiyo umefungwa kwa skrubu tatu. Ukizilegeza unaweza kuuzungusha kidogo, digrii kwa digrii, na hiyo ndiyo taiming. Ukiusogeza mbele mota inakimbia zaidi, inakunywa umeme zaidi na inapata joto zaidi. Ukizidisha, sumaku ya ndani inachoka na gari linakuwa pambo la kabati.

Bukavu, mzee alikuwa fundi wa kusuka upya mota za vinu vya kusaga, zile za kubebwa na watu wawili. Hizi ndogo alizitazama kama mtu aliyezoea ng'ombe akiletewa kuku.

"Bon, weye njo enjenia, nilisikia," alisema. "Donc utanisaidia. Miye nimeweka makumi tano. Unaona je?"

Alichomeka kidude cha kupimia. Nikaona umeme unaoliwa ni mwingi mno. Mota ile isingemaliza dakika tano za mashindano. Lakini mtu aliyekuja kuposa hamkosoi mwenye binti, kwetu Kenya wala kwao Kongo, na mimi nilikuwa nimeendesha gari siku nzima ili nikubaliwe, si ili niwe na akili.

"Imekaa sawa kabisa, Mzee."

"Unaona? Watu ya hapa banaogopa moto. Moteur haiogopaka moto."

"Haiogopi, Mzee, ni kweli."

Kesho yake tulikwenda wote watatu, mimi, mzee na mchumba wangu niliyempitia Columbus, kwenye mashindano, katika ukumbi uliokuwa kiwanda zamani, karibu na Riverside. Sakafu ilitandikwa zulia, na wanaume wazima wenye ndevu walikuwa wakipima homa za magari yao kwa vipimajoto, nyuso zimekunjwa kama madaktari. Mzee alivua miwani, akaenda kunawa mikono. Nikachukua bisibisi. Nililegeza skrubu tatu, nikarudisha taiming mpaka thelathini na tano, nikakaza. Nilipomaliza nilijiona mtu wa hekima sana.

Gari la mzee lilishika nafasi ya tatu. Alipima joto la mota, akalikuta la kawaida kabisa, akaanza kupita meza kwa meza akionyesha vidole vitano, yaani makumi tano. Mzungu mmoja alimwamini, akaizungusha yake vivyo hivyo, na raundi iliyofuata gari lake lilitoa moshi. Mzee aliniambia yule hajui kuendesha. Niliitikia.

Jioni tulikula fufu na sombe ya majani ya muhogo. Mzee alisafisha koo mbele ya familia nzima.

"Banakenya banajuaka kusema sana. Huyu anasikilizaka. Ndiyo. Muambie familia yako bakuje."

Vigelegele vikapigwa. Mchumba wangu hakupiga. Aliniomba nimsaidie kutoa kitu kwenye gari, na huko nje hapakuwa na cha kutoa.

"Nilikuona," alisema. "Na tournevis ku mukono, ukilegeza skrubu."

"Ilikuwa heshima tu. Ningemwambiaje mzee kwamba amekosea?"

"Heshima? Ulimucheka ndani ya roho siku muzima. Na siku nitakosea miye? Utangoja niende kunawa mikono?"

Niliona aibu, tena ile mbaya, ya mtu aliyekamatwa akijipongeza. Nikarudi ndani, chakula kikiwa bado cha moto, nikamweleza mzee kila kitu.

Alivaa miwani, akashuka chini, akapanda na mota mkononi, akaisogeza kwenye taa na kusoma zile alama ndogo. Kisha akaiweka katikati ya sahani.

"Makumi tatu na tano," alisema taratibu. "Nilikuambia unisaidie. Haukunisaidia. Ulinifanya mutoto mbele ya watu. Ile 'ndiyo' yangu nilisema, minairudisha."

Hakuna aliyeendelea kula. Tuliaga kwa sauti ndogo na kushika njia ya Columbus, kwa sababu mchumba wangu alikuwa na zamu asubuhi. Barabarani nilipanga maneno mengi: nimtume mchungaji akaombe msamaha, nimpigie tena mama yake, nitafute wazee wa kwetu wanaoweza kusikilizwa Black Rock.

"Kwa hii ndoa," aliuliza mwishowe, "uliuliza banani?"

"Mama yako. Mchungaji. Baba mkubwa."

Alikuwa akihesabu kwa vidole. Vitatu. Akanyoosha cha nne, akakiacha hapo mbele ya uso wangu.

"Na miye?"

Nikawasha indiketa, nikatafuta mahali pa kusimamisha gari.