Simu Yenye Swichi Ubavuni

Mimi ni somo. Kwa asiyejua, somo ndiye anayemfunda mwali kabla ya ndoa: namna ya kukaa na mume, namna ya kukaa na wakwe, na mengine ambayo sitayaandika hapa hata mkinibembeleza. Kazi nimeirithi kwa mama, naye kwa mama yake, hapa hapa Dodoma, tangu mtaa wetu ulipokuwa mji mzima na huko kwingine kote ni mbuga. Liwa na udi vinauzwa sokoni, yeyote anaweza kununua. Mtaji wa somo ni mdomo uliofungwa. Akisikika mara moja tu katoa ya mwali nje, basi, akauze karanga.

Ndiyo maana siku simu yangu iliponiletea tangazo la chuo, nilikaa chini mwenyewe bila kukaribishwa.

Nilikuwa na mwali wakati huo, binti wa shoga yangu niliyesoma naye madrasa. Binti yuko chuoni Chimwaga, amebakiza mwaka mmoja amalize. Posa ilikuja ya kijana mtumishi wa serikali, watu wao wa Kondoa, mpole, ana salamu nzuri. Kila mtu alifurahi na mimi nikafurahi. Ila kulikuwa na jambo linanikwaruza moyoni. Kijana alikuwa anatarajia kuhamishiwa Kigoma, na hakuna hata mmoja, upande wao wala wetu, aliyetamka neno kuhusu masomo ya binti. Sasa kwetu sisi mwanamke ana haki ya kuweka sharti kabla ndoa haijafungwa, likatajwa mbele ya mashahidi, na mume akilikubali limemfunga. Ndoa ikishapita, lile sharti linageuka ombi. Na maombi ya wanawake mnayajua yanavyojibiwa.

Binti alikuwa ameshawekwa ndani, hatoki, anasuguliwa liwa asubuhi na jioni. Zamani ningekwenda kila siku. Siku hizi magoti yangu na simu wamefanya urafiki, nikawa namtumia mafunzo kwa sauti, naye ananijibu kwa maandishi. Nikamwandikia hivi: "Mwanangu, na masomo je? Una sharti lolote? Niambie mimi, si mama yako." Jibu likaja hapo hapo: "Sina sharti, somo. Nimeridhika." Nikashusha pumzi. Nikamsifu kimoyomoyo kwamba huyu amelelewa, anaandika maneno mazima, si kama vijana wa leo wanaokula herufi.

Kesho yake ndipo likaja tangazo. Msichana kavaa joho, meno yote nje, na maandishi: maliza shahada yako ukiwa nyumbani. Astaghfirullah! Nani kakwambia wewe? Niliitupa simu kwenye mito ikadunda. Kama hiki kidude kimesikia niliyomuuliza mwali, nani mwingine kasikia? Watu wa Kondoa wakijua somo anamchokonoa binti kuhusu masharti, watasema navunja ndoa. Binti ataharibikiwa, na mimi jina langu limekwisha.

Nikampigia mtoto wa kaka yangu. Huyu ni fundi wa kompyuta huko huko chuoni, msichana mwenye maneno kama cherehani. Alikuja Jumamosi, akanisikiliza huku anakula visheti vyangu, kisha akasema, "Shangazi, simu yako ni shushushu. Kila unachoandika, kila unakokwenda, inapeleka kwa wenyewe, nao wanauza kwa wenye matangazo."

"Na yako je?"

Akatoa simu nene kama kipande cha sabuni ya mche. Akanieleza kwamba ndani yake kuna mfumo wa kuiendesha uitwao Linux, na kwamba utengenezaji wa hiyo Linux uko wazi, yeyote mwenye elimu yake anaweza kuuangalia kama mtu anayefunua sufuria kuona kilichomo. Hakuna kampuni iliyojificha humo. Ubavuni ilikuwa na swichi ndogo, ya kamera, ya maikrofoni, ya mtandao. Ukibonyeza, umekata. Kweli kweli, kama swichi ya taa. Mimi nilizozipenda ni hizo swichi. Nilikaa nazibonyeza mpaka akaninyang'anya.

"Kuna mwenzangu yuko Ulaya, anarudi mwezi ujao," akasema. "Anaweza kukuletea. Ila usinunue kwa kusikia. Kaa na yangu wiki hii, halafu unipe jibu."

Akaingiza laini yangu humo, akaondoka na shushushu langu mkobani.

Nisiseme uongo, siku za mwanzo niliona raha. Nyumba ilitulia. Hakuna kengele za magrupu, hakuna dua za kusambaza kwa watu kumi la sivyo utapata balaa, hakuna mabishano ya michango. Nilianika zabibu zangu uani, nikasoma Yasini yangu mpaka mwisho bila kuitwa. Lakini simu yenyewe, ah! Ilikuwa inapata joto kama andazi linalotoka kwenye mafuta, na chaji ilikwisha kabla ya adhuhuri. Picha zake zilimtoa kila mtu kama amepakwa masizi. Na ile programu ya kuchati tunayotumia dunia nzima ilikataa kabisa kuingia humo. Kupiga na kupokea, sawa. Meseji za kawaida, sawa. Zaidi ya hapo, bubu. Wenzangu wa kikundi wakaniona kimya, wakadhani naumwa, wakaja na uji wa pilipili manga. Nikaunywa. Ungemwagwa?

Shida ikawa mwali wangu. Mafunzo yalikuwa hayajaisha na kwa simu hii siwezi kumtumia sauti. Nikampigia. Akapokea mama yake: "Mwali anasuguliwa, shoga." Nikapiga jioni. Mama: "Amelala." Asubuhi yake tena. Mama: "Anasali." Nikajiuliza, mwali gani huyu asiyeweza kuishika simu yake hata kidogo, lakini akiandikiwa anajibu kabla sijaweka simu chini? Nikavaa baibui, nikaita bajaji. Upepo wa Dodoma siku hiyo ulikuwa umeamka vibaya, nilifika kwao mdomo umejaa vumbi na maneno.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mama wa Dodoma atakayethubutu: kumkatalia somo kukaa peke yake na mwali. Shoga yangu alisimama mlangoni akitabasamu kwa upande mmoja. Nikamwambia, "Nipishe." Akanipisha.

Binti alikuwa kwenye mkeka, ananukia mpaka dirishani. Nikafunga mlango. Nikaitoa ile simu, nikazima swichi zote mbele ya macho yake, moja baada ya nyingine. "Haya. Sasa hakuna anayetusikia, hata huko Marekani. Sema ulilonalo."

Akacheka. Halafu kicheko kikageuka, akaanza kulia kama mtoto.

"Somo, nimekusubiri wewe tu," akasema. "Nilijua utaniuliza kuhusu masomo. Mbona hukuniuliza?"

"Mtoto wewe! Nilikuuliza. Ukanijibu huna sharti, umeridhika."

Akanitazama. "Simu yangu anayo mama. Alinichukulia siku niliyoingia ndani."

Jamani. Nilihisi masikio yanawaka. Kumchukulia mwali simu si ajabu, wengi wanafanya hivyo ili atulie, asichati na wenzake usiku kucha. Lakini mimi sikuwahi kufikiri kwamba mtu akichukua simu ya mwali atachukua na ulimi wake. Binti akaniambia yote. Anampenda kijana, hana tatizo naye. Anataka mwaka wake mmoja tu, amalize, ndipo amfuate Kigoma. Kumwambia baba mwenyewe anaona haya. Mama alishamwambia asiharibu heri.

Nilimkuta shoga yangu jikoni anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeridhika," nikamwambia.

"Nilijibu kwa niaba yake. Mtoto wangu namjua."

"Unamjua, sawa. Unaolewa wewe?"

"Akiweka sharti watakwenda zao! Vijana wenyewe wako wangapi?" Sasa alikuwa ananitazama, na macho yamelowa. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kwa hasira, "Na mafunzo yako niliyasikiliza yote. Mengine hata mimi sikuwa nayajua."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilikuwa na hasira za kuvunja vyungu lakini nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Ndiyo maana mumeo siku hizi anafunga duka mapema!" Naye akajikaza, akajikaza, akashindwa. Tukacheka wote wawili, watu wazima, juu ya ungo wa mchele.

Tulipomaliza kujifuta machozi akasema, "Mimi mbona mama yangu alinijibia, na nimeishi?"

"Umeishi. Lakini ulitaka uwe nesi. Ulikuwa unatufunga bandeji sote pale madrasa, hata wazima."

Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja, lingine, mpaka nikadhani mazungumzo yamekwisha. Halafu akaweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri, akaenda sebuleni kwa mumewe. Sikumfuata. Hilo lilikuwa lao.

Siku ya ndoa shehe alilitaja sharti mbele ya mashahidi: binti atamaliza masomo yake hapa Dodoma, kisha atamfuata mume. Nyuma ya pazia shoga yangu alinishika mkono, kucha zikaniingia. Tukamsikia bwana harusi anajibu, sauti haina hata mkwaruzo, "Nimekubali. Tena nilishangaa hakuna aliyeniambia. Nilidhani mwenyewe kaamua kuacha." Nilitamani kumrukia yule kijana nimbusu paji la uso. Nikapiga kigelegele badala yake, na nasikia kilifika barabarani.

Mtoto wa kaka yangu alikuja kuchukua simu yake na jibu lake. Nikampa vyote.

"Sinunui."

"Kwa nini, shangazi? Ni joto? Ile itakayokuja haipati joto hivyo."

"Simu yako haina kosa. Inamzuia kila mtu isipokuwa mama mzazi."

Alicheka lakini hakukubali kushindwa, si mtu wa kukubali huyo. Alisema shushushu ni shushushu hata kama safari hii amesingiziwa, na hapo alisema kweli. Mpaka leo sijui lile tangazo lilitoka wapi, na sipendi. Kwa hiyo alikaa na simu yangu ya zamani, akaifunga masikio na macho kila alipoweza, akanionyesha nami nifanyeje. Matangazo yamepungua. Sasa naletewa magodoro tu, nayo siyalaumu sana. Lakini mafunzo kwa simu nimeacha kabisa. Mwali nitamfuata kwao, na magoti yavumilie. Aliyekwisha kuolewa, akiwa na neno, aje. Wote nimewaambia: mkiniandikia sitaamini ni nyinyi.

Juzi nilikuwa uani nageuza zabibu juani, nikasikia hodi. Ni yeye, yule binti, kabeba vitabu kifuani, viatu vimejaa vumbi jekundu. Akaniamkia shikamoo, akaketi kwenye kigoda bila kungoja kuambiwa. Anasema mitihani imeanza. Mume yuko Kigoma, anapiga kila jioni, analalamikia chakula. Nikamwekea chai na visheti, nikamtazama anavyokula kwa haraka, mwanafunzi hasa. Nilifurahi sana, wacha niseme tu.

Kulikuwa na kitu nilikuwa nakikosa hapo, nikagundua ni ule mlio wa simu. Simu za vijana hawa hazikai dakika tano bila kulia.

"Simu yako iko wapi?"

"Nimeizima, somo." Akachukua kisheti kingine. "Mama anajua niko hapa. Akitaka kujua kama nimeridhika, aje aniulize."