Pua ya Kulinganishia

Mke wangu anachokonoa pua za watu, tena kwa mshahara. Ni mpimaji wa maabara hospitalini: anatia kijiti cha pamba puani mwako, halafu anatafuta bakteria. Mimi fundi cherehani nimeshachokonolewa mpaka nimezoea.

Basi wodi ya watoto wachanga ikaingiliwa na majipu. Bakteria wenyewe sugu, dawa za kawaida wanazila kama peremende, na wana jeni za sumu inayoua chembe nyeupe za damu. Ilionekana kuna mhudumu anayewabeba puani bila kuumwa. Na binti yetu, mimba pevu, angejifungulia hospitali hiyo hiyo! Mke wangu alikuwa ameshaapa kumpakata mjukuu kabla ya mama mkwe wa binti, ambaye, kwa maoni ya mke wangu, hajui usafi.

Akawachokonoa wauguzi, daktari na mfagiaji. Kwa desturi ya maabara yao, huwekwa pia sampuli ya mtu asiye na bakteria hao, ya kulinganishia. Akaweka yake. Nani msafi kumshinda?

Pua zote zikatoka safi, isipokuwa ya kulinganishia. Akaitukana mashine ya vipimo, akarudia. Mashine ikashikilia lile lile.

Alirudi nyumbani akajitupa kitini.

"Baba watoto, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mwenye bakteria. Kila asubuhi naingia wodini kuwatoa watoto damu."

Kicheko kilinijia, nikaona machozi yake, nikakimeza.

"Si watoto wamepona? Na kwenye sampuli umejiandika 'kulinganishia' tu, bila jina. Nyamaza."

"Ninyamaze, halafu nimbebe mjukuu?"

Kesho yake akajitaja mbele ya wodi nzima. Akapewa dawa ya kupaka puani na marufuku ya kugusa mtoto mpaka vipimo vitoke safi.

Binti akajifungua. Mama mkwe wake akampakata mtoto, huku mke wangu yuko nje ya dirisha, pua inameremeta mafuta, akielekeza kwa mikono kama mwamuzi wa mpira. Roho iliniuma kumwona vile.

Siku vipimo vilipotoka safi, akakabidhiwa mjukuu. Mtoto akamkazia macho, akampigia chafya uso mzima. Tukangoja hotuba ya vijidudu.

Hakujipangusa hata.

"Piga nyingine, mjukuu wangu," akasema, analia.