Harusi Aliyoiona Shemeji Sithon

Jino la shemeji yangu Sithon lilichagua kuvimba wiki ya harusi ya bintiye. Shavu lilimtuna, jicho la upande huo likabaki mwanya tu, naye akashikilia kwamba si kitu, ni upepo. Dada yangu Khamphao hakubishana na mumewe. Alimpakia kwenye pikipiki akampeleka kwa dokta wa meno mjini, jipu likapasuliwa, naye akarudi na pakiti ya antibiotiki na uso wa mtu aliyefiwa.

"Vipi, wameling'oa?" nikamuuliza.

"Jino lipo, shemeji. Wameng'oa pombe."

Dokta alikuwa amemhoji kama kuna dawa iliyowahi kumtoa vipele, na kama anatumia nyingine yoyote. Kisha akampa masharti: kidonge asubuhi, mchana na jioni, baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji. Asiache hata shavu likipoa. Na pombe isimguse mdomo mpaka dozi iishe na siku kadhaa zipite, maana dawa hizo zikikutana na pombe zinaweza kumtapisha na kumwendesha moyo mbio. Dozi ilikuwa inaishia baada ya harusi.

Lazima umjue Sithon ndipo uone msiba wenyewe. Huyu ni fundi wa trekta za mkono, lakini kijijini kwetu, hapa ukingoni mwa Mekong, sifa yake ni gongo la mchele. Gongo la harusi ya bintiye huyu, Latsamy, alilipika mwenyewe, na madumu yalikuwa yamejipanga chini ya nyumba. Tena kwetu bwana harusi haingii hivi hivi. Tunamzuia mlangoni kwa mkanda wa fedha, na mzee wa upande wake na baba wa binti wananywa glasi moja. Baba akiikataa, amemkataa kijana.

Asubuhi ya harusi shavu lilikuwa limepoa kabisa. Rafiki yake Onkeo akamvuta pembeni, pale nilipokuwa nakaanga samaki.

"Umeshapona wewe. Unameza za nini tena? Ruka vya leo, unywe na wakwe, kesho umeze mara mbili."

"Dokta kasema hairukwi wala hairudufiwi."

"Dokta anaolewa yeye? Basi zikibaki nipe mimi, nina gego linanisumbua."

"Gego lako lipeleke kwake," nikamrukia, "na mdomo wako uende nalo!"

Onkeo akacheka, lakini Sithon hakucheka. Alikuwa anasikiliza ngoma za wakwe zikija barabarani. Nilimwonea huruma, mwanamume mzima anaogopa glasi.

Wakafika. Mkanda ukavutwa, utani ukapigwa, na mjomba wa bwana harusi, Mzee Bounlai, mtu mkavu asiyejua kutabasamu, akamimina glasi mpaka mdomoni na kumnyooshea Sithon. Ngoma zikanyamaza. Latsamy alikuwa dirishani, kajiuma kidole.

Sithon akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Nikajua sasa ananywa, na kama si dada yangu kunishika ningemrukia. Kisha akapanua kinywa mbele ya kadamnasi, akavuta shavu kwa kidole na kumwonyesha mzee kidonda.

"Mkwe, tazama mwenyewe," akasema huku kidole kingali mdomoni. "Nameza dawa zisizopatana na pombe. Mwanao nampenda. Hata gongo nalipenda, nimelipika mimi. Lakini leo nikinywa, nitamtapikia bwana harusi viatu."

Mzee Bounlai akainama, akachungulia mle kinywani kama anayenunua nyati wa kulimia. Tukangoja.

"Kweli," akasema. "Pamechimbika." Akaichukua glasi, akainywa yote, akapangusa masharubu. "Hiyo yako. Sasa mimina yangu!"

Vigelegele vilivyopigwa vilitisha kuku wote. Mzee yule aliendelea hivyo hivyo: kila glasi ya Sithon aliinywa yeye, huku Sithon akiinua maji ya dafu. Mchana Sithon alikula wali wa kunata kwanza, kisha akameza kidonge chake mbele ya meza nzima, wakampigia makofi. Jua lilipoanza kushuka, Mzee Bounlai alikuwa anacheza ngoma ya duara peke yake, anatabasamu kwa nguzo.

Wakati wa kufunga nyuzi za baraka, Sithon alipiga magoti mbele ya Latsamy. Akaufunga uzi kwenye kifundo cha mkono wa mtoto wake, fundo dogo, safi, akamwambia, "Nyumba hii usiipigie hodi. Ukifika, ingia." Latsamy akalia. Mimi nililia zaidi yake, na sioni haya kusema.

Kesho yake tulikaa tukiosha masufuria, kila mtu anadai kukumbuka vizuri kuliko mwenzake. Sithon akameza kidonge cha asubuhi, akaweka glasi chini, akatunyamazisha wote. Alieleza wimbo uliopigwa mwanzo, nani alijikwaa, rangi ya ua la nywele za bintiye, na jinsi alivyogeuka mara mbili kabla ya kuondoka.

"Mume wangu," dada akamwambia, "mbona harusi ya binti yetu mkubwa hujawahi kuieleza hivi?"

"Ile nilisimuliwa," Sithon akasema. "Hii niliiona."