Mwenye Nyumba Katika Picha ya Wahispania

Mpaka leo nikimkumbuka yule mwongozaji wa makumbusho damu inanichemka, ingawa kosa kubwa halikuwa lake.

Tulikuwa walimu wachache kutoka visiwani, tumealikwa Uhispania kusomea ufundishaji wa uchoraji. Siku ya mwisho walitupeleka kwenye makumbusho ya sanaa. Mwongozaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye Kifaransa cha haraka na visigino vinavyogonga sakafu. Alituonyesha watakatifu wanaotoka damu, wafalme wenye mataya marefu, na samaki juu ya meza waliochorwa vizuri hata nikawakumbuka wachuuzi wa samaki wa Mirontsy, jirani na mji wetu. Sisemi uongo, nilifurahi. Yule mama alijua kila mkunjo wa kila joho la kila mfalme.

Nilikuwa pia nimejiapiza kuwa mpole safari nzima, na wanaonijua wanajua hilo lilinigharimu kiasi gani. Sababu ilikuwa kiongozi wetu, mkurugenzi kutoka Moroni, na nyumba ya mdogo wangu.

Baba yetu, kama baba yeyote wa kwetu mwenye mabinti, alihangaika maisha yake yote kuwajengea nyumba. Yangu iko Mutsamudu, kisiwani kwetu. Ya mdogo wangu aliijenga kisiwa cha pili, Moroni, mtaa wa Magoudjou, kwa kuwa biashara yake ilikuwa kule. Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, na wakiachana hutoka na sanduku lake, akarudi kwa mama yake. Mdogo wangu aliolewa na mmoja wa wale mamluki wa Kizungu waliokuwa wakitamba Moroni miaka ile na bunduki zao na miwani yao ya jua. Alisilimu, akapewa jina, akala pilau yetu. Walipoachana, hakutoka yeye. Alimtoa mdogo wangu, akatia kufuli jipya. Kila tuliyemwendea kulalamika aliangalia chini, na mdogo wangu, mwenye nyumba, akapanda meli akaja kulala kwangu.

Mkurugenzi alikuwa akicheza karata na yule mzungu. Kabla hatujapanda ndege aliniambia, akiniita Bweni kama tunavyowaita mabibi wa kwetu, "Tukirudi salama, Bweni, nitazungumza naye. Wewe tulia tu." Basi nikatulia. Nilimbebea hata koti lake.

Tukafika chumba cha picha za safari za mbali. Mwongozaji akasimama mbele ya picha moja, akatutazama kwa furaha, maana alikuwa ametuwekea zawadi. Mchoraji wake, alisema, alipita visiwa vyetu zamani kwa merikebu. Niliitazama, nikapatambua kwetu. Nyumba ya mawe, mlango wa nakshi kama ile ya mjini kwetu. Kizingitini ameketi mwanamke aliyejifunga kitambaa chekundu na cheupe, uso umepakwa liwa ya msandali. Mbele yake, chini, amesimama mwanamume wa joho na jambia, na nyuma yake watu wamebeba sanduku.

"Huyu ni bwana mwenye nyumba, amerudi safarini," akasema. "Na huyu ni kijakazi wake, anamsubiri mlangoni. Maskini, hata ndani hawezi kuingia bila ruhusa. Tazameni walivyompaka rangi usoni. Labda ni adhabu."

Adhabu! Liwa ambayo mama yangu alijipaka kila asubuhi, akatoka nayo mpaka sokoni akiwa ameinua kichwa! Nilivuta pumzi, nikamkumbuka mdogo wangu, nikayameza maneno yangu. Lakini mama yule hakunyamaza. Akanyoosha kidole, akasema tena kwamba kila kitu kinachoonekana pale ni mali ya bwana, pamoja na mwanamke. Hapo nikashindwa.

"Samahani, Madame. Mwenye nyumba ni huyo mwanamke."

Alinitabasamia kama tunavyowatabasamia wanafunzi wanaojibu kabla ya kuulizwa.

"Mtazame mwanamume," nikasema. "Amevua viatu. Amesimama nje, mkono kifuani. Anapiga hodi. Nani anapiga hodi kwake mwenyewe? Huyu ni bwana harusi anaingia kwa mkewe, na sanduku ni zawadi alizomletea."

"Inavutia sana," akajibu, "lakini wataalamu wetu wameichunguza picha hii." Akamgeukia mkurugenzi. "Ni kweli asemayo huyu, Monsieur?"

Sasa, sikilizeni. Mkurugenzi alikuwa amefanya harusi kubwa, ile inayomfanya mtu wa Moroni akae mstari wa mbele kwenye kila karamu. Siku ile alitembezwa mji mzima kwa ngoma, joho lake limedariziwa kwa dhahabu, mpaka mlangoni kwa mkewe, na shangazi za mke wakamzuia mpaka alipotoa kitu. Mimi nilikuwapo, nilipiga vigelegele. Tangu siku ile alikuwa akilala katika nyumba hiyo hiyo ya mkewe.

Akaitazama picha. Akanitazama mimi.

"Bibi huyu anatoka kisiwa kingine," akasema. "Huko wana mambo yao. Mwanamume ni mwanamume, Madame. Nyumba ni yake."

Mwongozaji akacheka kwa kupata ahueni. Nilihisi nimepigwa kofi hadharani, na mpigaji si mgeni.

"Mkurugenzi," nikamwambia, kwa Kifaransa, ili asibaki mtu wa kutoelewa, "wewe unalala kwa nani?"

Mwenzetu mmoja akakohoa. Mwongozaji akatuhimiza kwenda kutazama bakuli la machungwa. Kwenye ujia mkurugenzi alinisogelea, akachukua koti lake mikononi mwangu. "Lile jambo la nduguyo," akasema, "lisahau."

Mdogo wangu alinipokea bandarini Mutsamudu. Nilimweleza yote kabla hatujafika nyumbani, nikingoja anilaumu, na alikuwa na haki. Alichukua mkoba wangu, akaubeba yeye.

"Angenirudishia nyumba yangu kama sadaka," akasema. "Nami ningelazimika kumshukuru."

Akaishi kwangu mpaka mamluki walipoondoshwa nchini. Yule wake aliondoka kwa haraka, na habari ikatufikia kwamba ufunguo wa Magoudjou amemkabidhi mkurugenzi. Si mwenye nyumba. Mkurugenzi! Nilitukana mpaka majirani wakafunga madirisha.

Tukapanda meli, tukaenda. Alitupokea kwenye baraza ya nyumba ya mkewe, kwa maneno marefu: nyumba imekaa bila mtu, wazee wa kiume lazima wakutane, turudi baada ya Ijumaa. Mkewe alikuwa ndani, anasikia kila neno. Akatoka, akampita mumewe, akamtia mdogo wangu ufunguo mkononi.

"Nenda kafagie kwako," akamwambia.

Mkurugenzi akafumbua mdomo.

"Na wewe kama una neno," mkewe akasema bila hata kugeuka, "kaliseme kwa mama yako."